UZI: Hiyo "sherehe ya mashoga Thika" si Thika. Lakini maswali yake ni yetu

1.
Kuna klipu imerudi tena kwa magrupu ya Thika na Ruiru. Watu wamejaa barabarani, bendera za rangi za upinde wa mvua, muziki juu, vijana vifua wazi wanacheza. Chini imeandikwa: "Thika jana usiku. Serikali iko wapi?" Wiki hii pekee nimeletewa mara saba. Wacha tuichambue polepole.

2.
Sheria za nyuzi zangu mnazijua: sitaji mwanasiasa, sitaji chama. Pia siwaambii mwamini nini kuhusu ushoga. Hilo ni lako, la dini yako na la nyumba yako. Mimi naeleza tu tunabishania nini, na sheria imesema nini. Ila safari hii kuna kitu kimoja zaidi. Klipu hii mimi mwenyewe niliwahi kuisambaza. Nitafika hapo.

KWANZA, KLIPU YENYEWE

3.
Iangalie mara ya pili. Imeandikwa "usiku" lakini jua linawaka. Gari lililoegeshwa pale kona, usukani uko kushoto. Halafu wanasema ni mwezi wa nane. Bana, mwezi wa nane hapa kwetu ni baridi na manyunyu, makanga wa 145 wamevaa jaketi na marvin asubuhi hadi jioni. Nani huyo anacheza kifua wazi?

4.
Sasa tazama zile nguzo ndefu kando ya barabara, zimezungushiwa pete za rangi. Na kibao cha barabara: Halsted. Hapo ni Chicago, Marekani, kwenye mtaa wa Northalsted, ambao wengi bado wanauita Boystown. Sherehe inaitwa Northalsted Market Days. Ilianza 1982, hufanyika wikendi moja ya Agosti, wakati kwao ni kiangazi. Barabara ya Halsted inafungwa kutoka Belmont hadi Addison, karibu mita 800.

5.
Hata jina lenyewe ni "siku za soko". Wanaoiandaa ni muungano wa wafanyabiashara wa mtaa huo: wenye baa, mikahawa, maduka. Kuna vibanda vya chakula, nguo na sanaa, kuna majukwaa ya muziki, na langoni unaombwa mchango. Kwa hiyo ukiuliza "nani analipa?", jibu halina siri kubwa. Ni watu wa biashara wanaotaka wateja waje mtaani kwao.

6.
Tusichanganye hiyo na yale maandamano ya Pride ya mwezi wa sita. Hayo ni kumbukumbu ya 28 Juni 1969, polisi walipovamia baa ya Stonewall kule New York na wateja wakakataa kuondoka kimya. Chicago waliandamana mara ya kwanza 27 Juni 1970. Moja ni siasa, nyingine ni soko na burudani. Kwenye mijadala yetu zote mbili zinatiwa gunia moja.

7.
Na mtaa huo haukuota usiku mmoja. Illinois, jimbo la Chicago, ndilo lililokuwa la kwanza Marekani kufuta sheria ya kuadhibu mapenzi ya jinsia moja kati ya watu wazima waliokubaliana. Sheria ilipitishwa 1961, ikaanza kazi 1 Januari 1962. Hata baada ya hapo polisi waliendelea kuvamia baa zao. Soko la barabarani likaja miaka 20 baadaye. Zile nguzo za rangi, jiji liliziweka 1998.

8.
Shika huo mpangilio: kwanza sheria ya kitendo, halafu watu kukutana, halafu biashara, ndipo barabara. Anayekwambia "wiki ijayo Thika" anaruka ngazi zote. Na anayekwambia "Kenya ni sawa tu na Chicago, shida ni ushamba wetu" naye anaziruka vilevile.

PILI, MAMBO MANNE TUNAYOYACHANGANYA

9.
Mdahalo wetu unachemka kwa sababu mtu mmoja anaongea kuhusu KITENDO, wa pili kuhusu MTU, wa tatu kuhusu CHAMA, wa nne kuhusu KUKUSANYIKA. Kila kimoja kina sheria yake Kenya. Twende kimoja kimoja.

10.
KITENDO. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63. Kifungu cha 162 kinaadhibu kile inachokiita kujamiiana "kinyume cha maumbile": hadi miaka 14 jela. Cha 163 ni kujaribu: miaka 7. Cha 165 ni cha vitendo vya aibu kati ya wanaume: miaka 5. Mwaka 2019, tarehe 24 Mei, majaji watatu wa Mahakama Kuu walikataa ombi la kufuta vifungu vya 162 na 165. Waliokwenda kortini wakakata rufaa, lakini hukumu hiyo iliviacha vifungu vikiwa sheria.

11.
MTU. Hapa ndipo wengi huteleza. Vifungu hivyo vinaadhibu kitendo. Hakuna kifungu kinachosema kuwa shoga ni kosa, au kutembea namna fulani, au kuvaa hereni, au kuwa na marafiki fulani. Polisi lazima athibitishe kitendo.

12.
Na hata kuthibitisha kuna mpaka. 2015 wanaume wawili walikamatwa Ukunda, Kwale, wakapelekwa hospitalini kupimwa kwenye njia ya haja kubwa. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufaa iliyoketi Mombasa ikasema kuwalazimisha watu kupimwa hivyo ni kukiuka Katiba. Kitendo kilibaki kosa. Lakini heshima ya mwili wa mshukiwa nayo ikalindwa. Mambo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja.

13.
CHAMA. Shirika moja la kutetea haki za mashoga na wasagaji lilinyimwa jina na bodi ya kusajili mashirika. Likaenda kortini, likashinda Mahakama Kuu 2015, likashinda Mahakama ya Rufaa 2019, na tarehe 24 Februari 2023 likashinda Mahakama ya Juu, majaji 3 dhidi ya 2. Wengi walisema kifungu cha 36 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kujiunga na wenzake, na kwamba kumbagua mtu kwa sababu ya mwelekeo wake wa kimapenzi ni kinyume cha kifungu cha 27.

14.
Majaji wawili waliopinga nao walikuwa na hoja, na ni haki uisikie: huwezi kusoma ndani ya kifungu cha 27 kitu ambacho walioandika Katiba hawakukiandika. Septemba 2023 Mahakama ya Juu ikakataa ombi la kuipitia upya hukumu. Hapo ndipo ilipoishia.

15.
Kwa hiyo mtu akikwambia "Mahakama ya Juu imehalalisha ushoga", mwambie hapana. Iliruhusu kusajili shirika. Vifungu vya 162 na 165 haikuvigusa. Na akikwambia "sasa wataoana", mwambie asome kifungu cha 45(2) cha Katiba: kila mtu mzima ana haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti. Sheria ya Ndoa ya 2014 nayo inasema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke.

16.
KUKUSANYIKA. Kifungu cha 37: kila mtu ana haki, kwa amani na bila silaha, kukusanyika, kuandamana, kupiga kambi ya kupinga jambo na kupeleka malalamiko kwa serikali. Kinasema "kila mtu". Hakiulizi dini, kabila wala unalala na nani.

17.
Jinsi ya kuitumia haki hiyo iko kwenye Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56. Mnapeleka NOTISI kwa OCS, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Mnaandika jina na anwani ya mwandaaji, tarehe, mahali au njia, na saa, kati ya 12 asubuhi na 12 jioni. Notisi si kibali. OCS anaweza kuwaambia haiwezekani kama kuna watu wengine walishaleta notisi ya siku, saa na mahali hapo hapo. Na siku yenyewe polisi wanaweza kusimamisha kukiwa na hatari ya wazi ya amani kuvunjika.

18.
Sasa fanya kama kuna mtu kweli anataka kufunga barabara moja katikati ya mji wa Thika afanye soko la muziki, sherehe yoyote. Notisi ya OCS haitoshi. Barabara za mji ni za kaunti, kwa hiyo unaenda kwa kaunti na unalipa ada. Spika zina kanuni za kelele za 2009. Pombe ina leseni yake. Na usijaribu kufunga Thika Road yenyewe, hiyo ni barabara kuu ya kitaifa, iko chini ya KeNHA. Waliowahi kuandaa krusedi wanajua hii safari.

19.
Je, OCS anaweza kukataa kwa sababu tu "ni ya mashoga"? Ukisoma Sura ya 56 peke yake, sababu hiyo haimo. Wanaopinga wanasema: kitendo ni kosa, kwa hiyo kukisherehekea hadharani ni kuchochea kosa, na kifungu cha 24 kinaruhusu haki kuwekewa mipaka. Wanaounga mkono wanasema: kucheza muziki barabarani si kitendo cha kifungu cha 162, na ile mipaka ya kifungu cha 24 lazima iwe imeandikwa kwenye sheria. Hukumu ya 2023 ilihusu usajili wa shirika, si barabara. Kwa hiyo usimwache mtu akutishe kwamba jibu liko wazi, wa upande wowote.

20.
Ndiyo maana 2023 kukaja Mswada wa Kulinda Familia. Pamoja na adhabu kali zaidi, ulilenga kuzuia maandamano, bendera na mikusanyiko ya aina hiyo. Wanaouunga mkono wanasema unaziba pengo. Wanaoupinga wanasema: kumbe mnakubali pengo lipo, yaani leo kukusanyika kwenyewe si kosa. Pande zote mbili hapo zinakubaliana kuhusu sheria ilivyo sasa, ila hazijagundua.

TATU, HOJA ZINAZORUDI KILA MARA

21.
"Hii ni tabia ya wazungu." Na jibu la haraka la upande wa pili: "Hapana, SHERIA ndiyo ya wazungu." Ukweli kuhusu sheria ni huu: Mwingereza aliandika kifungu cha 377 cha India 1860, akakileta kwetu 1897 pamoja na sheria nyingine za India, halafu 1930 tukapata Kanuni ya Adhabu. Yeye mwenyewe alilegeza yake ya Uingereza na Wales 1967. India ilifuta sehemu hiyo 2018. Lakini kujua sheria ilitoka wapi hakukuambii kama ni nzuri. Hata Sheria ya Ushahidi ilitoka huko na tunaitumia kila siku. Historia ni historia, si hukumu.

22.
"Wengi hatutaki." Kwenye demokrasia hiyo ni hoja nzito, usiicheke. Katiba yenyewe tuliipigia kura tarehe 4 Agosti 2010, na kuna Wakenya wengi walioipitisha wakijua kifungu cha 45 kiko pale. Lakini Katiba hiyo hiyo imeweka sura nzima ya haki ambazo mtu habebi kwa sababu wenzake wamempenda. Mdahalo wa kweli uko hapo, kati ya wengi na mmoja. Si kati ya wenye dini na wasio na dini.

23.
"Watoto wetu." Mzazi akiuliza hivi hafai kutukanwa. Mtoto analindwa na Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 na Sheria ya Watoto ya 2022, na hizo hazijali aliyemdhulumu ni mwanamume au mwanamke, wala mtoto ni msichana au mvulana. Ukijua mtu anadhulumu mtoto, peleka polisi leo. Lakini watu wazima kukutana ni suala lingine, na kulichanganya na lile la watoto kunatufanya tumtafute mhalifu penye kelele huku anakaa nyumba ya pili kimya.

24.
"Afrika haitaki." Afrika haina jibu moja. Uganda ilifanya Pride ya kwanza Agosti 2012 pale Entebbe kando ya ziwa. 2016 polisi wakavamia, 2017 ikafutwa, na 2023 ikaja sheria yenye adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Botswana ilikwenda upande mwingine: Mahakama Kuu ilifuta kosa hilo 2019, rufaa ikakataliwa 2021. Na hapa Kenya, Juni 2018, wakimbizi, wengi wao kutoka Uganda, waliandamana ndani ya kambi ya Kakuma. Hakuna soko, hakuna jukwaa, ni watu waliokimbia nyumbani.

25.
Halafu kuna hili. Septemba 2023, baada ya swala ya Ijumaa, Waislamu Mombasa waliandamana kupinga uamuzi wa Mahakama ya Juu. Unajua walilindwa na kifungu gani? Cha 37. Kile kile. Ukikifunga kwa jirani, umekifunga kwako pia. Hilo nalisema kwa pande zote.

NNE, KWA NINI SIFANYI MZAHA

26.
12 Februari 2010, Mtwapa, Kilifi. Uvumi ulienea kwamba kuna harusi ya wanaume wawili. Umati ukazingira kituo cha afya cha KEMRI, ambacho kilitoa huduma za Ukimwi. Watu wakapigwa. Na harusi? Haikuwepo. Uvumi wa sherehe isiyokuwepo ulitosha kuumiza watu waliokuwepo, na kuwatia wagonjwa hofu ya kwenda hospitali.

27.
Mimi nilikuwa nimesoma habari hiyo ya Mtwapa. Nilidhani ni mambo ya zamani, mambo ya Pwani. Halafu miaka miwili iliyopita nikaletewa klipu hii, na kwa kujua kabisa kwamba si Thika, nikaitupa kwa grupu ya mtaa wetu wa Ruiru na vicheko vitatu. Niliandika: "Thika mmeamua!" Nilitaka watu wacheke.

28.
Sitataja mtaa wala jina. Kulikuwa na kijana kinyozi, kibanda chake cha mabati, upande wetu wa reli. Wiki hiyo alikuwa amefanya birthday. Alifunga zile taa za rangi za Krismasi nje ya kibanda, akaalika marafiki, wakapiga muziki hadi saa 3 usiku. Mtu akapiga picha kutoka ng'ambo ya barabara, akaiweka chini ya klipu yangu: "Kumbe si Thika peke yake. Iko hapa kwetu."

29.
Mimi nilikuwa kazini. Nilipofungua simu kulikuwa na ujumbe 140. Nikaandika kwamba klipu ni ya Chicago, nikaweka na maelezo. Admini akafuta, akaniambia, "Ndugu, hatutaki siasa kwa hii grupu." Picha ya kibanda ikabaki.

30.
Siku ya pili mtu alikuwa ameandika neno kwa mabati, kwa rangi nyekundu. Kioo kimoja kikavunjwa. Wateja wakaanza kupita kando, hata akina mama waliokuwa wanamletea watoto kila mwisho wa wiki. Mwenye ploti akampa siku 3. Usiku wa tatu akaja na pikapu, akabeba viti vyake viwili na hicho kioo kilichobaki.

31.
Kama mnauliza alikuwa shoga ama hakuwa: sijui. Sikumuuliza wakati huo na sijamuuliza hadi leo. Na rudi juu usome namba 11. Kwa sheria yetu ilivyo, swali hilo halikumpa mtu yeyote ruhusa ya kuvunja kioo.

32.
Mwaka huu nikasikia amepata kiti kwa kinyozi mwingine Thika. Nikapanda 237, nikaenda. Akanitazama kwa kioo.

"Bosi, umekuja kunyoa ama kuongea?"

"Vyote viwili."

"Ile klipu ulituma wewe. Niliona jina lako."

"Ni mimi. Nisamehe, ndugu yangu."

Hakujibu. Akafungua kile kitambaa, akasema, "Keti basi."

33.
Nilikuwa nimejiandaa kumsaidia. Nikamweleza kuhusu Sura ya 301: mtu aliyekodi duka au kibanda cha huduma bila mkataba wa maandishi hawezi kupewa notisi ya siku 3. Lazima iwe ya maandishi, kwa fomu maalum, si chini ya miezi 2, na kuna baraza la kukodi majengo ya biashara ambapo mpangaji anaweza kuipinga. Nikamwambia alikuwa na haki.

34.
Akaendelea kunyoa. Halafu akasema: "Miezi miwili? Hata kama ningejua, nani angekuja kunyolewa hiyo miezi miwili?"

Sikuwa na jibu. Bado sina. Mimi ndiye wa kuwaeleza nyinyi vifungu kila wiki, na pale kwa kiti nikaona mahali ambapo kifungu kinafika na mahali ambapo hakifiki. Korti inaweza kumrudishia kibanda. Wateja, korti haiwezi.

KABLA HUJASAMBAZA

35.
Klipu ikikufikia, fanya haya. Usukani uko upande gani? Hali ya hewa inalingana na mwezi? Kibao cha barabara au cha duka kinasema nini? Chukua picha moja kwenye klipu uitafute kwa Google. Dakika mbili. Ukiona si hapa, usiseme ni hapa hata kwa mzaha, kwa sababu kila "hapa" ina mtu anayeweza kufikiwa kwa miguu.

36.
Na kwenye mjadala, kabla ya kujibu, uliza: tunaongea kuhusu kitendo, mtu, chama ama kukusanyika? Unaweza kupinga kimoja na kukubali kingine. Kuna mchungaji mmoja namheshimu sana, anahubiri kila Jumapili dhidi ya ushoga na hataki hata kusikia kuhusu sherehe ya namna hiyo. Nilipomweleza habari ya kinyozi alisema, "Huyo kijana angekuja kwangu ningemfungulia kanisa alale." Hajabadilisha mahubiri yake, na sikumwomba abadilishe.

37.
Kwa hiyo jibu la swali la klipu: hapana, hiyo si Thika. Ni Chicago, Agosti, jua la kiangazi, wafanyabiashara wakiuza vyakula na bia. Kama siku moja kutakuwa na kitu kama hicho Kenya, au kama kitapigwa marufuku kabisa, hilo litaamuliwa bungeni, kortini na kwa kura, na kila mmoja wenu ana haki ya kupaza sauti upande wake. Haliamuliwi kwa kibanda cha kinyozi.

38.
Wale wa ile grupu ya Ruiru najua mnanisoma. Ile picha ya kibanda bado iko kwa simu za watu. Ukiwa nayo, ifute. Na mliokuwa mnanyolewa pale, mkitaka kujua yuko wapi, niulizeni kando. Nitamuuliza yeye kwanza.